Barua za Santa Anna Zilifikaje Texas?

Watu wa Texas waliziteka vitani. Si kweli, ingawa naelewa dhana hii ilikotoka. Jenerali Antonio López de Santa Anna, kiongozi wa Meksiko, alishindwa katika mapigano ya San Jacinto mwaka 1836, akakamatwa, na Meksiko ikaipoteza Texas. Leo sehemu ya makaratasi yake imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Lakini hayakwenda huko kama nyara. Chuo kiliyanunua mwaka 1921 kutoka kwa warithi wa Genaro García, mwanasheria na mwanahistoria aliyefariki mwaka mmoja kabla.

García aliyaiba serikalini. Si kweli. Viongozi wa karne ya 19 walipotoka madarakani waliondoka na masanduku yao ya barua, yakawa urithi wa watoto na wajukuu. Ndivyo barua za Valentín Gómez Farías, makamu wa rais aliyethubutu mwaka 1833 kugusa mapendeleo ya kanisa na jeshi, zilivyobaki mikononi mwa watu binafsi hadi zikamfikia García.

Aliyafungia kabatini. Hapa dhana inamdhulumu marehemu. Kati ya 1905 na 1911 alichapisha juzuu 36 za hati adimu, nyingi zikiwa hazijawahi kuchapwa. Mojawapo ina kumbukumbu za Santa Anna mwenyewe, alizoziandika uzeeni akiwa uhamishoni. Yaani msomaji yeyote aliweza kumsikia jenerali akijitetea, kisha akampima. Kwangu mimi, hicho ndicho kinachomtofautisha mtunzaji na mlimbikaji.

Serikalini yangekuwa salama zaidi. Si lazima. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ilikuwapo tangu 1823, lakini mwaka 1864, akilikimbia jeshi la Ufaransa lililoivamia nchi, Rais Benito Juárez alilazimika kuziacha nyaraka za dola kwa wanakijiji wa jimbo la Coahuila. Wakazificha pangoni, nao wakanyamaza.

Meksiko haikupoteza kitu, maana hati zipo. Hili nalikataa kwa nguvu zote. Ni kweli zimetunzwa vizuri, na watafiti wanazisoma. Lakini kijana wa Fresnillo, mji alikozaliwa García, akitaka kuishika mojawapo ya barua hizi za viongozi wa nchi yake, lazima kwanza aombe viza ya Marekani.