UFAFANUZI KUHUSU USAHIHISHAJI WA KIWANGO CHA USIMBAJI FICHE

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kuwa rasimu ya kiwango cha kiufundi si kiwango chenyewe. Mfano ni FIPS 203, kiwango cha Marekani cha kulinda siri dhidi ya kompyuta za kwanta.

Taasisi ya NIST ilitoa rasimu yake tarehe 24 Agosti, 2023, na kupokea maoni hadi tarehe 22 Novemba. Katika rasimu hiyo, namba ya safu mlalo na ya safu wima zilibadilishana nafasi, tofauti na mfumo wa asili uitwao Kyber. Siri haikudhoofika kwa hilo. Lakini mashine mbili zenye mpangilio tofauti hazipati ufunguo mmoja, hivyo haziwezi kuwasiliana.

Kiwango kilichotangazwa tarehe 13 Agosti, 2024 kilirejesha mpangilio wa asili. Aidha, kiliongeza baiti moja ili mbegu ya ufunguo wa ngazi moja ya usalama isitumike kwa ngazi nyingine.

Kwa hiyo, ofisi inayopokea programu ya aina hii ihakikishe kwanza kuwa inafuata toleo la 2024, wala si rasimu.