Kalamu Inapogoma: Tuliyojifunza kwa Ustadhi Wetu na kwa Ibn Khaldun

Miezi mitatu kabla ya mahafali ya madrasa yetu mwaka jana, kamati ya msikiti ilimwagiza ustadhi anayetutungia kasida aandae beti ishirini za kuwaaga watoto. Halikuwa jambo geni. Kwa miaka saba alikuwa ametutungia bila kuchelewa: kasida za Maulidi, za harusi, za kumkaribisha mgeni rasmi, za kuchangisha fedha za mabati, hata moja ya uzinduzi wa kisima. Safari hii wiki zilipita na daftari likabaki jeupe. Tulimkumbusha kila baada ya sala ya Ijumaa. Tulimpigia simu. Mjumbe mmoja akanong'ona kwamba huenda ustadhi anangoja bahasha. Siku ya mahafali ilipowadia, watoto walisimama katika kanzu na buibui zao wakaimba kasida ya mwaka uliotangulia, na wazazi waliitambua tangu ubeti wa kwanza.

Wiki iliyofuata tulikwenda nyumbani kwake, nasi tulikwenda na lawama. Ustadhi alitukaribisha, akakaa kimya. Aliyetujibu ni mkewe, akiwa nyuma ya pazia: "Bwana Katibu, kile kisima mlichokizindua, mnapochota huwa mnatazama kina cha maji. Huyu mume wangu mmemchota miaka saba. Nani kati yenu aliyewahi kumtazama?"

Tulirudi na aibu. Usiku ule tulivifungua vitabu vya balagha ambavyo chuoni tulivisoma kwa ajili ya mtihani, tukafaulu, tukavifunika. Humo tulikuta kwamba jambo lililompata ustadhi lina umri mrefu, na kwamba waliotutangulia hawakuliita uvivu.

Imepokewa kutoka kwa al-Farazdaq, mmoja wa washairi wakubwa wa zama za Banu Umayya, kwamba ilikuwa ikimjia saa ambayo kung'olewa jino ni kwepesi kwake kuliko kutunga ubeti mmoja. Huyu ni mtu ambaye mashairi yake yalijaza juzuu. Ibn Rashiq wa Qayrawan, aliyeishi karne ya 11 Miladia, anasimulia kwamba utunzi ulipomwia mgumu, al-Farazdaq alipanda ngamia wake akazunguka peke yake katika mabonde na magofu yasiyo na watu. Hakukaa chumbani kupigana na karatasi.

Kabla ya Ibn Rashiq, Bishr ibn al-Mu'tamir wa Baghdad aliwaandikia wanafunzi wa ufasaha waraka mfupi ambao al-Jahiz ametuhifadhia. Anamwambia mwandishi aishike saa ya uchangamfu wake na utulivu wa moyo wake, kwani kidogo kinachopatikana saa hiyo ni bora kuliko matunda ya siku nzima ya kujilazimisha. Kipaji kikigoma, asikasirike wala asiharakishe. Akiache mchana wake na usiku wake, kisha akirudie atakapochangamka. Kikigoma tena bila ya sababu ya kukishughulisha, basi huenda sanaa ile si yake, naye aigeukie ile ambayo nafsi yake inaipenda zaidi. Neno hili la mwisho ni zito, na hatukuthubutu kulifikisha kwa ustadhi. Lakini sisi kamati tulikuwa tumemnyima hata lile la kwanza: mchana mmoja na usiku mmoja wa kuachwa.

Aliyetufumbua macho zaidi ni Ibn Khaldun. Watu humkumbuka kwa historia na elimu ya jamii, wakasahau kwamba katika Muqaddima ameweka mlango mzima juu ya namna shairi linavyotungwa. Na alikuwa na ugonjwa huo huo. Anaeleza kwamba siku moja alimlalamikia Ibn al-Khatib, waziri wa Granada na mshairi mashuhuri, kuwa kila anapotaka kutunga humwia vigumu, ilhali analitambua shairi zuri anapoliona, na amehifadhi Qur'ani, hadithi na kiasi cha maneno ya Waarabu. Kisha akautaja mwenyewe ugonjwa wake: utotoni alihifadhi tungo za kufundishia elimu, zikiwemo zile mbili za Shatibi za visomo vya Qur'ani, pamoja na matini za fiqhi, usul na mantiki. Lugha hiyo ya kanuni iliijaza hifadhi yake, ikaziba njia ya shairi. Ibn al-Khatib alishangaa, akamsifu kwa kuligundua hilo.

Hakuwa akivitweza vitabu hivyo. (Sisi tuliokariri Alfiyya ya Ibn Malik kwa mwaka mzima tulitabasamu, maana tangu hapo hatujatunga hata ubeti mmoja wa harusi.) Maana yake ni kwamba kipaji hutoa kile kilichoingizwa. Ndiyo maana sharti lake la kwanza kwa mtunzi ni kuhifadhi kwa wingi mashairi yaliyo bora, kisha kuyasahau, ili yabaki mapigo yake tu na si maneno yake. Anataka pia faragha, mahali penye maji na maua, na saa za alfajiri mtu anapoamka, tumbo likiwa tupu na fikra imepumzika. Ikishindikana baada ya hayo yote, auache utunzi hadi wakati mwingine. Ana na ushauri wa kifundi: mtunzi ashike kina kwanza na ajenge ubeti kukielekea, na asione uchungu kuutupa ubeti usiomridhisha.

Naye alikijua kisima kinapojaa. Mwaka 1375 aliziacha siasa, akajitenga na aila yake katika ngome ya Ibn Salama, katika Aljeria ya leo. Huko, kwa muda wa miezi mitano iliyokamilika mwaka 779 Hijria (1377), aliandika Muqaddima. Anasema maneno na maana vilimiminika juu ya fikra yake kama mvua mpaka siagi yake ikasukika.

Tulirudi kwa ustadhi, safari hii kwa kuuliza. Asubuhi anafundisha watoto, mchana yuko dukani, baada ya Isha anawaandikia watu barua na matangazo. Tulimuuliza mara ya mwisho alisoma shairi la mtu mwingine lini. Alifikiri sana. "Tangu alipofariki bibi yangu," akasema. Bibi huyo alikuwa akimsomea kwa ghibu utendi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858, akiwa mgonjwa.

Kamati ilibishana vikao viwili. Mwishowe tulikubaliana kwamba ustadhi atatunga kasida mbili tu kwa mwaka, za harusi watafutwe vijana waliohitimu, na yeye apewe ufunguo wa maktaba ya msikiti. Hukaa humo baada ya Alfajiri hadi jua linapopanda. Shemeji yetu huwazuia watoto wasimfuate, na chai humngoja mpaka arudi. Miezi miwili ya mwanzo hakuandika neno. Alikuwa akisoma tenzi za Pate na Lamu kwa sauti ya chini, na wajumbe wawili walianza tena kunong'ona. Mwezi wa tatu alituonesha beti nne, mbili akiwa amekwisha kuzikata kwa wino mwekundu.

Mahafali ya mwaka huu ni mwezi ujao. Tunasikia kutoka kwa mwanawe kwamba beti zimefika kumi na moja. Tukikutana naye mlangoni mwa msikiti, tunamuuliza hali ya nyumbani, na biashara, na mvua.