Pauni ilivyoanguka, Bunge la London lilivyohoji, na redio ya mkulima ilivyokatwa

JANUARI 2011, Idhaa ya Dunia ya BBC ilitangaza kwamba ingepunguza wafanyakazi 650 na kufunga kabisa idhaa za lugha tano. Katika orodha hiyo ndefu ya makato kulikuwa na mstari mmoja uliowagusa moja kwa moja wasikilizaji wa Afrika Mashariki: matangazo ya Kiswahili kwa masafa mafupi yangekoma Machi mwaka huo, pamoja na yale ya eneo la Maziwa Makuu kwa Kinyarwanda na Kirundi.

Kwa mkazi wa mjini habari hiyo haikuwa na uzito mkubwa. Yeye alikuwa na vituo vya FM vilivyorusha matangazo hayo hayo, na simu yake ilikwishaanza kupata intaneti. Lakini kwa mkulima aliye mbali na mnara wa FM, mwenye redio ndogo ya betri, masafa mafupi ndiyo yaliyokuwa njia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kusikika Juni 1957, na kwa miaka zaidi ya hamsini wapo waliopanga saa zao za jioni kwa kuifuata.

Uamuzi wa kukata haukuanzia kwenye chumba cha habari. Ulianzia kwenye vitabu vya hesabu vya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, kwa kuwa hadi Machi 2014 Idhaa ya Dunia iliendeshwa kwa ruzuku iliyopitia wizara hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini redio ilinyamaza hana budi kufuata pesa, na pesa hizo zinaonekana vizuri kwa sababu moja: wabunge waliuliza maswali, na majibu yakachapishwa.

Wanavyohoji

Tangu mwaka 1979, kila wizara kubwa ya Uingereza ina kamati yake ya Bunge ya kuifuatilia. Kamati ya Mambo ya Nje imepewa kazi tatu: kuangalia matumizi ya wizara, uendeshaji wake na sera zake. Kila mwaka wizara hutoa taarifa ya kazi na hesabu zake. Kamati huisoma, hupeleka maswali kwa maandishi, kisha humwita Katibu Mkuu wa wizara, ambaye ndiye afisa masuuli, aje kujibu mbele ya watu. Mwananchi yeyote au chama chochote kinaweza kupeleka maoni kwa maandishi. Ripoti ikishatoka, Serikali hutarajiwa kujibu katika muda wa miezi miwili.

Kamati haina mamlaka ya kumfukuza mtu kazi wala ya kurudisha fedha zilizokatwa. Nguvu yake ni kuulizia kile ambacho wizara ingependa kipite kimya kimya, na kumlazimisha mhusika atoe takwimu.

Tundu la kwanza: sarafu

Swali moja lililowasumbua wabunge hao kabla ya suala la redio lilihusu sarafu. Wizara ya Mambo ya Nje hupokea bajeti yake kwa pauni, lakini sehemu kubwa ya matumizi yake hufanyika kwa fedha za nchi nyingine. Kodi ya majengo ya ubalozi, mishahara ya wafanyakazi walioajiriwa huko huko, umeme, mafuta na michango kwa Umoja wa Mataifa havilipwi kwa pauni.

Kwa miaka mingi Hazina ya Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kuifidia wizara pale pauni iliposhuka, na kuchukua ziada pale ilipopanda. Utaratibu huo uliondolewa kuanzia Aprili 2008. Wakati unaondolewa, pauni moja ilinunua takriban dola mbili za Marekani. Msukosuko wa mabenki ulipoikumba dunia, pauni ilianguka, na mapema mwaka 2009 ilikuwa ikinunua chini ya dola moja na senti 40.

Hesabu yake ni rahisi. Huduma ya dola 200 iliyolipiwa kwa pauni 100 sasa ilihitaji karibu pauni 143. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyepandisha kodi ya nyumba. Wizara ilikuwa na pauni zile zile, ila zilinunua vitu vichache zaidi.

Januari 2010 naibu waziri Glenys Kinnock alilieleza Bunge la Malodi kwamba pengo lililotokana na kushuka kwa pauni lilikadiriwa kufikia pauni milioni 110. Alitaja na mahali lilipoangukia: baadhi ya miradi ilipunguzwa, ikiwamo ya kukabili ugaidi nchini Pakistan, na katika baadhi ya balozi wafanyakazi wa huko walijikuta wakipunguziwa kazi au wakiandikiwa likizo bila malipo. Machi mwaka huo, Kamati ya Mambo ya Nje chini ya mwenyekiti wake Mike Gapes iliukosoa vikali uamuzi wa kuondoa kinga ile bila kuweka nyingine ya maana mahali pake.

Ukosoaji huo haukupotea bure. Wizara ilikuwa imekwisha kujaribu kujikinga kwa kununua dola na yuro mapema kwa bei ya makubaliano. Serikali mpya iliyoingia Mei 2010 ikakubaliana na Hazina kuweka tena utaratibu wa fidia ya sarafu, na waziri William Hague akautangaza wakati wa mpango wa matumizi wa Oktoba 2010.

Mfanyabiashara wa pembejeo anaijua hadithi hii bila kufundishwa. Nchini Kenya dola moja iligusa karibu shilingi 160 Januari 2024, kisha ikashuka hadi karibu 130 baada ya miezi michache. Mfuko wa mbolea unaogharimu dola 40 bandarini ulikuwa shilingi 6,400 kwa bei ya kwanza na 5,200 kwa ya pili, kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Aliyejaza ghala Januari kwa mkopo na kuuza baadaye alipata hasara ambayo haikutokana na uzembe wake.

Tundu la pili: makato

Kinga ya sarafu iliyorudi haikuiokoa redio. Oktoba 2010 Serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza matumizi ya karibu wizara zote ili kubana nakisi. Ilitangaza pia kwamba kuanzia Aprili 2014 Idhaa ya Dunia isingelipiwa tena kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, bali kwa ada ya televisheni inayolipwa na kaya za Uingereza. Katika kipindi cha kusubiri mabadiliko hayo, ruzuku yake ingepungua kwa asilimia 16 baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei.

Hapo ndipo kamati, sasa ikiwa chini ya Richard Ottaway, ilipofungua uchunguzi maalumu. Wabunge waliweka takwimu mbili kando kwa kando. Wizara yenyewe, ukiitazama bila kuhesabu kuhamishwa kwa Idhaa ya Dunia, ilikuwa inapunguziwa takriban asilimia 10. Kwa nini basi redio ikatwe asilimia 16? Swali hilo linafanana na lile la mwanachama wa ushirika anayetaka kujua kwa nini bei ya pamba ikishuka mkulima anakatwa zaidi ya ofisi.

Idhaa ya Dunia ilieleza kwamba ililazimika kuokoa pauni milioni 46 kwa mwaka ifikapo 2014, na kwamba wasikilizaji wa masafa mafupi walikuwa wakipungua huku wengi wakihamia FM, televisheni na intaneti. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, kwani mitambo ya masafa mafupi hula umeme mwingi. Lakini menejimenti ilikiri pia kwamba katika wasikilizaji wapatao milioni 180 kwa wiki, zaidi ya milioni 30 wangepotea.

Ripoti ya kamati ilitoka Aprili 2011. Ilisema kwamba faida ya Idhaa ya Dunia kwa Uingereza ni kubwa kuliko gharama yake ndogo, na kwamba kuikata namna ile ni kubana matumizi kwa hasara. Ilipendekeza sehemu ya fedha za misaada ya maendeleo, ambazo wakati huo zilikuwa zikiongezeka, zitumike kuziba pengo. Mei 19 Bunge zima lilijadili suala hilo na kupitisha hoja ya kuitaka Serikali ifikirie upya. Juni 22, Hague akatangaza nyongeza ya pauni milioni 2.2 kwa mwaka kwa miaka mitatu, ili kulinda Idhaa ya Kiarabu.

Nani aliokolewa

Hapa ndipo penye funzo. Kiarabu kilipata nyongeza kwa sababu mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa maandamano Tunisia, Misri, Libya na Syria, na kila mbunge aliona umuhimu wake. Kihindi kilikuwa nacho kimepangiwa kuzimwa kwenye masafa mafupi, ambako kilikuwa na wasikilizaji wapatao milioni 10, wengi wao wa vijijini. Malalamiko yaliandikwa India na Uingereza, na mapema Machi 2011, hata kabla ya ripoti ya kamati kutoka, BBC ikakubali kubakiza saa moja ya jioni.

Kiswahili hakikuwamo katika nyongeza hiyo ya Juni. Matangazo yaliendelea kupitia vituo washirika vya FM, na Agosti 2012 ikaanzishwa Dira ya Dunia ya televisheni, ambayo mwenye umeme na king'amuzi aliifurahia. Aliyebaki nyuma ni yule yule wa mwanzo, mwenye redio ya betri mahali ambapo FM haifiki. Huyo hakuwa na mbunge London, na hakulipa kodi huko. Hakuna sheria iliyovunjwa kwa kumwacha. Lakini mpangilio wa makato unaonyesha kwamba bajeti ikipungua, anayekatwa kwanza ni yule ambaye sauti yake haifiki mezani.

Baadaye mkondo ulibadilika tena. Novemba 2015 Serikali ya Uingereza ilitangaza fedha mpya kwa Idhaa ya Dunia, zilizofikia pauni milioni 85 kwa mwaka, na zikazaa idhaa mpya za Afrika kama Kiamhari, Kioromo, Kitigrinya, Kiigbo na Kiyoruba. Septemba 2022 makato yakarudi, safari hii nafasi 382 za kazi, na redio za lugha kumi zikapangiwa kuzimwa, Kihindi na Kiarabu zikiwamo. Kilichookolewa mara moja hakikuwa kimeokolewa milele.

Kwa mkulima na mfanyabiashara wa huku

Mkulima wa Afrika Mashariki, tofauti na msikilizaji yule, ana mbunge wake. Huduma anazozitegemea, kama ugani, barabara za vijijini, utabiri wa hali ya hewa na ruzuku ya mbolea, zote hupitia mafungu ya wizara ambayo Bunge huyachambua kabla ya kuyapitisha.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaitaka Serikali kupeleka makadirio ya matumizi bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, maana yake kabla ya mwisho wa Aprili, na kamati husika inatakiwa kupokea maoni ya wananchi. Tanzania nayo ina kamati za kisekta zinazopitia makadirio ya wizara, Kamati ya Bajeti, na Kamati ya Hesabu za Serikali inayofanyia kazi ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu.

Ushirika unaotaka kusikilizwa unaweza kuiga walivyouliza wabunge wale. Kwanza, fungu letu limekatwa asilimia ngapi, na ofisi kuu ya wizara imekatwa ngapi? Pili, katika fedha zilizotengwa, ni kiasi gani kitalipwa kwa dola, na shilingi ikishuka nani ataziba pengo? Tatu, huduma ikihamishwa kwenda kwenye simu au intaneti, ni wanachama wangapi wetu hawataipata? Swali la tatu ushirika wenyewe ndio wenye jibu, kwa kuhesabu wanachama wake kijiji kwa kijiji na kuandika idadi hiyo kwenye barua.

Barua hiyo ina thamani zaidi ikifika Machi au Aprili, kamati zikiwa bado na kalamu mkononi. Ikifika Juni, bajeti ikishasomwa, itasomwa kwa heshima na kuwekwa kwenye faili.