Mpira Uliolika kwa Njia ya Mawe

Asubuhi moja katika mtaa wa Majengo, hapa Goma, niliviona vipande viwili vya mpira wa gari vimelazwa juu ya mawe meusi ya kando ya njia, kimoja kinene, chenye meno marefu na weusi wa kung'aa, hata mtu angedhani kimetoka dukani jana, na cha pili kimelika mpaka mistari yake imebaki michirizi miwili hafifu. Na mbele ya vipande hivyo alichutama fundi mmoja wa tshukudu, mtu wa makamo, mwenye kisu kirefu kilichopungua upana kwa kunolewa miaka mingi, ambaye baada ya kukikunja kile kinene na kukichungua kwa ndani alikitupa nyuma yake, kisha akakivuta kile kilicholika akakifuta vumbi kwa kiganja. Nilikuwa njiani kwenda soko la Virunga, na haja yangu haikuhusu magurudumu hata kidogo; lakini nilisimama, kwa maana nililoliona lilikuwa kinyume cha akili ya kila mnunuzi ninayemjua.

Nilimwamkia, nikasema, "Mzee, mbona umeuacha mpira mpya?" Akanijibu pasipo kuinua kichwa kwamba ule si mpya, ni mgumu tu, na kwamba kama nina wakati nikae nione. Nilikaa juu ya jiwe hata adhuhuri, na sokoni sikufika.

Wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa tshukudu ni nini. Katika miaka ya 1970, maisha yalipokuwa yakiwaelemea watu wa Kivu ya Kaskazini chini ya Rais Mobutu, chombo hiki cha mti wa mumba na mkaratusi, chenye magurudumu mawili ya mbao na urefu wa mita 2 hivi, kilianza kuonekana njiani kikibeba viazi, kabichi, makaa na mbao, na tangu siku hizo hakijaondoka; hubeba kilo 500 na ushei, hakinywi mafuta, na mji umekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara unaoitwa kwa jina lake. Wapo wasemao kwamba jina lenyewe ni mlio wa gurudumu likigonga ardhi. Hayo yanajulikana, na yamesemwa mara nyingi na wageni waliokuja na kamera. Lisilosemwa ni kwamba gurudumu la mbao tupu lisingemaliza siku moja juu ya ardhi yetu, na kwamba kinachosimama baina ya mti na jiwe ni ukanda wa mpira usiozidi upana wa kiganja, ambao lazima uchaguliwe na mtu ajuaye kuchagua.

Ardhi yetu nayo ni ya namna yake. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, uji wa moto ukateremka, ukafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ukapita katikati ya mji, ukaingia ziwani Kivu, ukawaacha watu wapatao 120,000 bila makazi; na usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ukateremka tena, ukakata barabara ya Rutshuru, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu walirejea wakajenga juu ya moto uliopoa. Jiwe lililozaliwa hivyo halifanani na changarawe ya mto, iliyosuguliwa na maji karne kwa karne hata ikawa laini. Limejaa matundu, na kingo za matundu hayo ni kali kama kigae cha chupa, na kila likivunjika hutoa ukali mpya. Barabara kuu chache zimetiwa lami. Ukiiacha lami na kuingia mitaa ya ndani, waingia juu ya msasa.

Kwa hiyo fundi huanza na kukunja. Alinieleza kwamba mpira wa lori umezaliwa umepinda, na kupinda kwake ni kwa duara kubwa, ilhali gurudumu la tshukudu ni duara dogo, na mpira ukilazimishwa kulikumbatia duara dogo huteseka kwa nje. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu nikaona kwamba asemayo ni sahihi kabisa: tairi la lori lenye kipenyo cha mita 1 lina mzingo wa sentimita 314, na gurudumu la mbao lenye kipenyo cha sentimita 40 lina mzingo wa sentimita 126, yaani ukanda ule hutakiwa kupinda mara mbili na nusu kuliko ulivyokusudiwa na kiwanda. Ukiwa mbichi, hutii. Ukiwa umekauka kwa jua, hupasuka, na mipasuko huanza chini kabisa, ndani ya mifereji ya meno, mahali ambapo jicho la mnunuzi wa haraka halifiki. Ndiyo maana alikikunja kile kipande kinene akakichungua ndani ya mifereji. Aliniita nami nikakitazama: chini ya weusi ule wa kung'aa mlikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, safu kwa safu. Ubavuni mwa tairi hupigwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kuundwa, zimjulishe mnunuzi umri wake. Lakini kipande kifikapo mikononi mwa fundi ubavu umekwisha kukatwa, na umri hausomwi ila kwa nyufa.

Baada ya kukunja hufuata kutafuta waya. Fundi hutazama ukingo uliokatwa, na akiona nukta za chuma zimejipanga kama mbegu, hukiweka kipande kando, kwa sababu chuma hukichosha kisu, huupinda msumari, na mpira ulikapo hujitokeza nje kikawa miiba inayochana viatu na miguu ya msukumaji, kisha mvua ikaingia na kutu ikaachanisha tabaka na tabaka. Autakao yeye ni mpira wa nyuzi, uliofumwa ndani kwa nailoni, nyuzi za tabaka moja zikikatiza nyuzi za tabaka la pili kwa mshazari. Huo, asema, hukubali msumari na kuushika, kwani nyuzi hujifunga shingoni mwa msumari kama kitambaa kilichoshonwa.

Nikamwambia kwamba hoja ya nyufa na hoja ya waya nimezifahamu, lakini lile lililonisimamisha bado: kwa nini uliolika? Maana yamkini ungepatikana mpira wenye meno marefu, mbichi, wa nyuzi, usio na ufa hata mmoja. Alitabasamu, akaniambia kwamba hata huo angeukata meno yake kwanza.

Sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Jino refu, alisema, ni la matope; kazi yake ni kuzama katika kitu laini na kujivuta. Juu ya jiwe kali halizami popote, bali husimama peke yake likiwa na mzigo wote juu yake, likayumba, likakamatwa na ukingo wa jiwe na kung'olewa kutoka shinani. Na kila jino liondokalo huondoka na nyama. Mpira uliolika hauna kitu cha kukamatwa. Huligusa jiwe kwa uso wake wote, mzigo ukagawanyika, na jiwe likaukwaruza pasipo kuung'oa. Hata hivyo mpira uliolika kabisa, uliokuwa laini kama paji la uso, nao aliukataa mbele ya macho yangu, ingawa ulikuwa wa nyuzi na hauna ufa.

Akaniwekea kidole juu ya ile michirizi miwili hafifu. Humo, alisema, ndimo vikaapo vichwa vya misumari.

Sikuwa nimelifikiria hilo abadan. Ukanda hugongewa misumari kuzunguka gurudumu zima, na kichwa cha msumari kikikaa juu ya uso wa mpira, jiwe hukisaga siku hadi siku, kikakatika, na ukanda ukaanza kupigapiga kama sikio la mbuzi. Kikikaa ndani ya mchirizi, mpira wa pande zote mbili husimama juu yake kama kuta, na jiwe lazima lizile kuta kwanza. Mfereji ambao wahandisi wa kiwanda waliuchora ili kutoa maji chini ya lori, hapa umekuwa nyumba ya msumari. Kwa hiyo mpira bora wa tshukudu ni ule uliokwisha kulika kiasi cha kupoteza meno, wala haujalika kiasi cha kupoteza mfereji, na muda baina ya hali hizo mbili katika maisha ya tairi la lori ni mfupi. Fundi huusubiri muda huo kama mkulima asubirivyo muhindi ukomae.

Kukata nako kuna adabu yake. Kisu huloweshwa maji, maana kisu kikavu hushikwa na mpira. Kijana mmoja huvuta, fundi hukata. Ncha mbili za ukanda hazikatwi wima bali mshazari, ili kiungo kisiligonge jiwe kwa pigo moja, na ncha ya juu hulazwa kuelekea nyuma ya mwendo, kama manyoya ya kuku yanavyolala kuelekea mkia. Gurudumu la mbele hupewa ukanda mwepesi, kwa kuwa ndilo linalogeuzwa na mikono. La nyuma hupewa ulio mnene, kwa kuwa ndilo linalokandamizwa na breki, na breki yenyewe ni kipande kingine cha mpira kinachosukumwa kwa mguu, mpira ukaula mpira. Ateremkaye kutoka Kibumba na magunia ya kabichi hana kingine cha kumzuia ila msuguano huo.

Katika mambo haya nimesoma kidogo. Wakulima wa nchi za mbali wenye vigari vidogo vya shamba, vile vya viti viwili sambamba vinavyopita porini pasipo barabara, nao hushughulishwa na swali hilihili matairi yao yanapokwisha, na wajuzi huwapa jawabu lisilo mbali na la Majengo: meno marefu yaliyoachana kwa matope, meno mafupi yaliyokaribiana kwa miamba, na tabaka nyingi za nyuzi mahali penye ukali. Wao wana maduka, vitabu vya bei na watu wa kuwapimia. Fundi wetu ilimu yake ameipata kwa kurudishiwa magurudumu yaliyoharibika, na kila gurudumu lililorudi lilimfundisha jambo moja.

Kuna jingine lililonijia nikiwa pale, na kichwa cha Nyiragongo kikionekana juu ya mabati. Mpira mbichi wa mti hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Nguvu yake huipata ukipikwa pamoja na kiberiti, siri aliyoigundua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839, na mapishi hayo watu wa Ulaya waliyaita kwa jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, ambaye kwa jina lake huiita milima ya moto vilevile. Nasi tunaishi chini ya mlima unaopumua moshi wa kiberiti. Na baada ya John Boyd Dunlop kulisajili tairi lake la upepo huko Belfast mwaka 1888, dunia ilipoutaka mpira kwa pupa, babu zetu ndio waliotumwa msituni kwa mijeledi ya dola ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, hata mwaka 1908 dola hiyo ilipomtoka mikononi. Mpira uliondoka kwetu kwa damu. Sasa hutujia ukiwa umekwisha kutumiwa.

Nilimwuliza fundi juu ya siku zijazo, na hapo sauti yake ilipungua. Mpira wa nyuzi, alisema, unazidi kuadimika katika marundo ya wauza chakavu. Kati ya vipande vitano anavyoletewa, aghalabu vinne vina waya. Sababu haiko Goma. Tairi la radiali, ambalo Michelin wa Ufaransa walilisajili mwaka 1946, limeenea duniani kwa sababu hudumu zaidi na kuokoa mafuta, na malori mengi sasa hutembea juu ya chuma. Yaliyo heri kwa mwenye lori ni shari kwa fundi wa tshukudu. Je, atajifunza kuchuna waya kutoka katika mpira, na kwa chombo gani? Je, shule zetu za ufundi zitapata lini mwalimu mmoja wa kuketi pale mwezi mzima na kuandika ajuayo mtu huyu? Na vijana wake wawili, watangoja mpira wa nyuzi, au watauza visu wanunue pikipiki ya magurudumu matatu? Tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango, ni tshukudu zilizoendelea kutembea. Nani basi atasema kwamba hili ni jambo dogo? Niliyauliza baadhi ya hayo kwa sauti. Fundi hakujibu.

Adhuhuri magurudumu yote mawili yalikuwa tayari, na kile kipande kilicholika, baada ya kuyavika yote mawili, kilibakiza sentimita 60 hivi. Fundi alikipima kwa shubiri tatu, akakigawa, nusu akaigongomea nyuma ya tshukudu iwe breki, na nusu akaitia mfukoni.