Kabla ya kununua kasha la sinema, piga hesabu ya tokeni

Harusi siku hizi huletwa nyumbani ndani ya flashi. Ntheo, sherehe ya kimila ya ndoa ya Wakamba, ilikuwa na flashi yake, mazishi ya babu yana yake, na kila mojawapo ina faili nene ajabu: kamera inayorekodi kwa megabiti 25 kwa sekunde hujaza gigabaiti 11 hivi kwa saa moja. Weka juu yake nyimbo za kwaya, benga ya Kakai Kilonzo ambayo baba alianza kuinunua enzi za santuri, na katuni za watoto. Flashi moja iko kwenye droo, nyingine iliazimwa na shemeji, ya tatu ilirudi na virusi. Ndipo mtu wa Kithyoko anapoanza kuulizia kifaa kimoja cha kuhifadhi vyote, ili runinga ya sebuleni na simu za vijana zichote hapo hapo.

Kifaa hicho kipo, na madukani Nairobi hukiita NAS. Ni kikompyuta chenye nafasi za kutia diski mbili au nne, kinachounganishwa na rauta. Kampuni zinazotajwa sana, Synology na QNAP, ni za Taiwan. Ya kwanza ilianzishwa 2000, ya pili 2004. Uzuri wake ni kwamba filamu ikitoka kwenye diski kwenda runingani kupitia Wi-Fi ya nyumbani, haigusi data ya intaneti. Wengi hawaamini hili, kwa kuwa wamezoea kwamba Wi-Fi na data ni kitu kimoja. Filamu ya saa mbili yenye picha safi, ikitiririka kwa megabiti 8 kwa sekunde, ni zaidi ya gigabaiti 7. Ukiitazama mara tatu kutoka intaneti umelipa mara tatu. Ukiitazama kutoka diski yako, umelipa stima tu.

Na stima ndilo jambo la kuuliza kwanza, ingawa muuzaji huanza na ukubwa wa diski. Kithyoko iko kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, ukishapita Matuu, huko huko Masinga kwenye bwawa lililokamilika 1981 na mitambo yake ya megawati 40. Kukaa karibu na bwawa hakukupi stima isiyopotea. Hupotea, na ikirudi hurudi kwa kishindo.

Hebu tupige hesabu. Kasha la NAS lenye diski mbili kubwa hutumia karibu wati 20, na kwa desturi huachwa likiwaka usiku na mchana. Hizo ni uniti 14 na ushei kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, nyumba ambayo wastani wake hauzidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa ya umeme wa majumbani. Basi kasha peke yake limemeza karibu nusu ya uniti hizo kabla hujawasha balbu. Kwa mtu anayekaa kwenye uniti 25, kifaa hiki kinampandisha daraja, na kuanzia hapo kila tokeni anayonunua inakuja na uniti chache kuliko alizozoea. Kwenye karatasi ya bei dukani hakuna mstari unaosema hivyo.

Kwa sababu hiyo mimi nisingeanza na kasha jipya. Ningetafuta laptopu kuukuu, zile za ex-UK zinazouzwa kila mji, hata kama kibodi yake imekufa vitufe viwili. Ukiizima kioo hutumia karibu wati 10. Ina betri, na betri hiyo inafanya kazi ambayo kwa NAS ungelazimika kununua UPS: stima ikikatika katikati ya kunakili video ya harusi, laptopu inamalizia kuandika na faili inabaki nzima. Ni kweli rauta na runinga zitakuwa zimezima, kwa hiyo sinema imekwisha kwa usiku huo, isipokuwa mkubali kubanana mbele ya kioo cha laptopu. Kinachookolewa hapo ni kumbukumbu, na kumbukumbu hazirekodiwi mara ya pili.

Angalia pia diski unayoichomeka. Diski ndogo ya inchi 2.5 hupata umeme kupitia kebo ya USB, kwa hiyo inaishi kwa betri ya laptopu. Ile kubwa ya inchi 3.5 huja na chaja yake ya ukutani. Stima ikienda, nayo inaenda papo hapo, sindano zake zikiwa bado kazini. Chaja hiyo, kama hakuna budi, ichomekwe kwenye kile kikinga-umeme ambacho watu hununulia friji.

Programu ya kuweka ni Jellyfin. Haina malipo, na ilizaliwa Desemba 2018 baada ya waundaji wa programu ya Emby kufunga msimbo wao. Inapanga filamu na nyimbo kwa picha na majina, na runinga ya Android huipata kama inavyopata YouTube. Kazi yake ngumu hutokea pale runinga isipoelewa lugha ya faili. Umeshaona: picha inaonekana lakini mdomo unachezacheza bila sauti, au kioo kinaandika kwamba faili haitambuliki. Mara nyingi tatizo ni sauti ya DTS, ambayo runinga nyingi haziisomi, au picha ya HEVC kwenye runinga ya zamani. Jellyfin inaweza kuibadilisha huku ukitazama, lakini inahitaji nguvu. Laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 kwenda juu inaifungua HEVC, hata ya biti 10, bila kuhema. Kasha la bei nafuu la NAS husota, na picha hukwama kila baada ya sekunde chache.

Kuhusu waya sina maneno mengi. Ndani ya nyumba moja, kebo kati ya rauta na laptopu humaliza nusu ya malalamiko. Ukitaka kufikia nyumba ya mama ng'ambo ya ua, kebo ya mtandao hufika mita 100, ila msimu wa radi waya uliopita nje huweza kukuletea hasara ndani.

Wapo wanaostahili NAS kamili. Mpiga picha wa Matuu mwenye harusi kila Jumamosi anaihitaji, na kanisa linalorekodi kila ibada vilevile. Hao wasome kwa makini aina ya diski. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilitumia SMR, mbinu inayobananisha data na ambayo hufanya diski kujikongoja sana inapojengwa upya baada ya mwenzake kufa. Kwa sinema za nyumbani, zinazoandikwa mara moja na kutazamwa mara nyingi, SMR haina shida.

Diski mbili zinazoigana pia zina mtego wake. Mtoto akifuta video ya ntheo kwenye ya kwanza, ya pili inatii papo hapo. Mwizi naye hubeba kasha zima. Nakala ya kweli ni diski ya pili inayokaa kwa dada mjini, inayokuja nyumbani Krismasi ikajazwa mapya na kurudi.

Mwisho kuna suala la nani anajua kuitumia laptopu hiyo. Mara nyingi aliyeifunga ni kijana ambaye Januari anapanda gari kurudi kazini Nairobi, na laptopu inabaki kwenye rafu huku neno siri likiwa kichwani mwake. Kabla hajaondoka, ampe mama rimoti, akae mbali, na amwache aitafute video ya harusi peke yake mpaka aipate. Neno siri liandikwe kwa kalamu nzito kwenye karatasi na kubandikwa chini ya laptopu, pamoja na jina la fundi wa sokoni anayejua kuiwasha upya.