Mota Inayozima Katikati ya Ubao (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tuliishia kwenye kunoa meno ya msumeno wa meza. Leo tuiname chini ya meza yenyewe, kwenye mota, kwa sababu lalamiko ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni hili: mashine inawaka vizuri, inapasua mbao mbili tatu, kisha kimya. Ukikaa robo saa ukabonyeza tena, inawaka kama vile haijawahi kuwa na tatizo.

Kabla hujashika bisibisi, uliza aliyezima ni nani. Huenda ni breka ya ukutani. Huenda ni swichi ya mashine, zile zenye sumaku ndani, ambazo huachia umeme unapopungua ghafla. Lakini kama breka haijashuka na mota ina joto la kukufanya uondoe mkono, aliyezima ni kinga ya joto iliyomo ndani ya mota. Ni kidude kidogo tu: metali mbili zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, na moja hutanuka zaidi ya mwenzake. Zikipata moto zinajikunja, umeme unakatika, zikipoa zinanyooka. Kinga nyingine zina kitufe chekundu cha kubonyeza kwa mkono. Nyingine hurudi zenyewe, na hizo ndizo ninazoziogopa, maana kijana anaweza kuwa ameinama kung'oa kipande kilichonasa, bledi ikaanza kuzunguka. Chomoa plagi kwanza, hata kama una haraka ya kumaliza kitanda cha mteja.

Niliwahi kuitwa kwenye karakana moja pale Keko, Dar es Salaam. Mota ilikuwa ya fezi moja, nguvu za farasi 2, na ilikwisha kusukwa upya mara moja bila kupona. "Shikamoo mzee. Hii ina jini," fundi akaniambia. Nikaufuata waya kwa macho. Ulitoka kwenye mashine, ukapita chini ya lundo la maranda, ukaingia kwenye ekstensheni ya mita 40 yenye waya wa milimita mraba 1.5, nusu yake bado imeviringishwa kwenye gurudumu lake. Nilipoligusa gurudumu lilikuwa la moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Tukapima. Kwenye soketi, volti 226. Kwenye mashine, bledi ikiwa ndani ya ubao wa mninga, 211. Volti 15 zilikuwa zinaishia njiani kupasha moto waya. Mtu ataona ni kidogo, lakini msukumo wa mota ya namna hii hufuata mraba wa volti: ukiipa asilimia 90 ya volti, unabaki na kama asilimia 81 ya msukumo. Ubao hauna huruma, unadai kazi ileile, kwa hiyo mota hulazimika kuvuta ampea zaidi. Na joto nalo hufuata mraba wa ampea. Mota iliyopaswa kuvuta 10 ikivuta 15, joto la koili linazidi maradufu. Wakati wa kuwaka hali ni mbaya zaidi, maana hapo mota huvuta mara tano au sita ya kawaida yake.

Tukaweka waya mfupi wa milimita mraba 2.5. Ikapasua karibu saa nzima, nami nikaanza kujisifu moyoni. Ikazima tena.

Safari hii tulifungua kifuniko cha feni. Vumbi la mbao lilikuwa limeshindiliwa kwenye matundu ya hewa kama sufi kwenye mto. Tulilikwangua kwa kijiti na kujaza kopo la rangi. Bledi nayo ilikuwa imevaa gamba la utomvu, na ubao wa kuongozea ulikuwa umepinda kidogo upande wa nyuma, ukiibana mbao dhidi ya meno. Vyote hivyo mota ilikuwa ikivilipia kwa joto.

Mota isiyowaka mpaka uisukume kwa kijiti (tafadhali, usifanye hivyo) ni habari nyingine: mtazame kapasita, au swichi ya ndani iliyokwama wazi ikaiacha koili ya kuwashia bila umeme. Na mashine uliyotumiwa na ndugu kutoka Marekani usiisingizie vumbi. Transfoma itaishusha 230 kuwa 115, lakini haiwezi kugeuza herzi 50 zetu kuwa 60. Mota itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, feni nayo vilevile, huku koili ikipata moto zaidi.

Za fezi tatu zina kisa chao, hasa fezi moja inapopotea na mota ikabaki inanguruma. Hizo tutazifungua toleo lijalo.