Kutu katika mitambo ya nyuklia: Ukubwa wa ufa ndio hupanga tarehe ya ukaguzi

MWENYE mashine ya kusaga mahindi mjini Kegonga, Kuria Mashariki, hulazimika kuamua ni lini ataizima ili kukagua beringi na mshipi. Akiizima msimu wa mavuno, wateja humwendea jirani. Asipoizima, huenda ikamharibikia gunia likiwa mizanini.

Uamuzi wa aina hiyo, ila mzito mno, utawakabili wasimamizi wa kinu cha kwanza cha nyuklia humu nchini, ambacho Serikali inalenga kianze kuzalisha umeme mwaka 2034. Baada ya wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, kukipinga mwaka 2024, macho yalielekezwa Siaya mwaka 2025, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria.

Mjadala wa nyuklia aghalabu huhusu mionzi. Hata hivyo, kinu huchemsha maji tu. Umeme hutokana na tabini, yaani mhimili wenye mapanga unaozungushwa na mvuke. Mvuke huo unapopoa katika hatua za mwisho, huanza kugeuka matone. Chembechembe za chumvi zilizomo hujikusanya kwenye mianya ya chuma, hasa pale diski zinazobeba mapanga zinapokazwa kwenye mhimili. Unyevu, chumvi na mvuto mkali wa mzunguko vikikutana, chuma hupasuka polepole kutoka ndani.

Madhara yake yalionekana Uingereza mnamo Septemba 1969. Katika kituo cha Hinkley Point A, diski ya tabini ilipasuka vipande vipande ilipokuwa ikijaribiwa kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya kawaida. Uchunguzi ulibaini kwamba chanzo kilikuwa nyufa za kutu zenye kina kidogo sana, zilizojificha kwenye mfereji wa kabari inayoshikilia diski.

Je, tarehe ya ukaguzi hupangwaje? Wahandisi hupima nyufa kwa mawimbi ya sauti, mfano wa yale yanayotumiwa hospitalini kumtazama mtoto tumboni. Kisha hujiuliza mambo matatu: ufa una ukubwa gani, unakua kwa kasi gani, na ni ukubwa upi utakaoivunja diski. Kanuni moja inayotumika ni kukagua upya kabla ufa haujafikia nusu ya ukubwa huo wa hatari.

Tuchukue mfano. Ufa una milimita 4, unakua milimita 2 kila mwaka, na diski itavunjika ufa ukifika milimita 24. Nusu ya hatari ni milimita 12, kwa hivyo muda uliopo ni miaka minne, yaani miezi 48. Kinu nacho huzimwa ili kutiwa fueli mpya, tuseme kila baada ya miezi 18. Ukaguzi basi sharti ufanywe katika uzimaji wa pili, mwezi wa 36. Kungoja wa tatu, mwezi wa 54, ni kuvuka mpaka.

Hapo ndipo penye mtihani kwa Kenya. Si kwamba nchi hii ni ngeni katika kazi hiyo. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981, pia hubeba chumvi na gesi zinazotafuna chuma. Lakini tabini za kwanza za Olkaria zilikuwa za megawati 15 kila moja. Moja ikizimwa, mkazi wa Kegonga hawezi kujua. Kinu cha nyuklia kimekuwa kikitajwa kuwa cha megawati 1,000, ilhali mwaka 2025 kilele cha matumizi ya taifa zima kilikuwa kimevuka 2,300. Umeme wa Ethiopia, ambao Kenya ilianza kuununua Novemba 2022 kwa kiwango cha megawati 200, hauwezi kuziba pengo hilo peke yake.

Ufaransa iliyaonja hayo. Mwishoni mwa 2021, kutu ya namna hiyo iligunduliwa katika mabomba ya kinu cha Civaux, wakati ratiba za ukarabati zilikuwa tayari zimevurugwa na Covid-19. Mwaka 2022 vinu vingi kati ya 56 vilizimwa, na nchi iliyozoea kuuza umeme nje ikanunua zaidi ya ilivyouza.

Kwa hivyo shinikizo la kuahirisha ukaguzi litakuwepo, hasa miaka ya kiangazi ambapo mabwawa hupungua maji. Mamlaka ya kudhibiti nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, itahitaji uwezo wa kukataa ombi hilo bila kuogopa mtu. Nao wasimamizi wa gridi watalazimika kutafuta umeme mbadala kabla ya tarehe kufika, na kuwaarifu wananchi mapema.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika tabini, kazi ya kwanza ni kujua ufa upo, na kuwa tayari kuzima mashine siku iliyopangwa.